Huyu

Kisanduku kimefika Posta ya Wete, chepesi kama cha biskuti,
kutoka Maskati, kwa Bakari wa dada.
Ndani yake kifaru: vipande mia na ushei
vinaning'inia kwenye vikonyo vya plastiki
kama bilimbi changa.
Moja kwa sabini na mbili, karatasi inasema.
Yaani ukivipanga sabini na viwili, mdomo kwa mkia,
ndipo upate urefu wa kimoja cha kweli,
na hapo umeshafika dukani kwa Hamadi Kombo.

Nikakata kwa kikata kucha cha Mize.
Nikapiga msasa. Mtutu ulivunjika safarini,
nikachomoa chelewa kwenye fagio la uani
nikaikwangua mpaka ikawa mtutu.
"Fagio langu limekukosea nini?"

Mjukuu wangu Nassra kasimama mlangoni, mkate wa kumimina mkononi:
"Babu, kifaru huyu mbona hana pembe?"
Hiki, mwanangu. Mwenye pembe ndiye huyu.
Cha chuma ni hiki.
Akautazama mtutu.
"Na hiyo si pembe?"
Sikuwa na jibu. Lugha ndiyo iliyoanza.

Rangi ni kazi ya asubuhi moja.
Kazi ni kukichakaza.
Kifaru kinachong'aa ni mchezo wa mtoto,
hakijaenda popote, hakijamtisha mtu.

Nicheke miye: miaka thelathini
nimepigana na kutu katika mji huu.
Mageti ya Jadida nusu yake nimechomea kwa mkono wangu.
Bati la nyumba hii nimelibadilisha mara tatu.
Baiskeli yangu ilikufa imeegeshwa.
Hewa ya hapa haichagui,
inakula bawaba ya tajiri, inakula bawaba ya msikiti.
Na leo natambaa na gazeti chini ya geti langu mwenyewe
nakwangua kutu, naikusanya kama zafarani,
naikoroga na mafuta ya taa kwenye kizibo cha soda.

Chumvi pia. Unanyunyiza punje kabla ya rangi,
ikikauka unasugua kwa mswaki,
punje zinadondoka, makovu yanabaki.
Masizi ya kibatari kwenye bomba la moshi.
Kwa tope, udongo mwekundu wa nyuma ya choo,
uliopepetwa kwa soksi.

Sikumwambia mtu kwa nini.

Kaka yangu Shaame aliondoka mwaka sabini na nane,
umri ishirini na mbili,
akarudi na saa ya mkononi na kikohozi.
Ukimuuliza Kagera, anakwambia mvua.
Mvua ilinyesha, bwana. Basi.

Alikuja baada ya Ijumaa. Nikakiweka kiganjani mwake.
Akavaa miwani. Akavua. Akaipangusa kwa kanzu, akavaa tena.
Chai ikapoa, ikafanya utando.
"Huyu siye."
Nikadhani kakosea, huyu badala ya hiki.
Nikadhani namba ya ubavuni.
"Huyu kakaa sana. Wetu hakupata nafasi ya kuota kutu.
Na tope lile lilikuwa jeusi.
Lilikuwa halikauki hata likawa hivi."

Kisha akaomba uzi, na mkasi,
na pembe ya kanga ya Mize ile iliyochanika.
Akakata kitambaa kisichozidi punje ya mchele,
vidole vyake vinene, vinatetemeka, havikukosea.
Akakitundika juu ya chelewa.
"Nguo tulianika hapa. Mtutu ukiwa wa moto
shati linakauka upesi."

Mize aliyekuwa anafagia akaacha kufagia.

Nassra peke yake aliyeweza kuuliza:
"Shati la nani?"

Shaame akalipuliza taratibu,
kama kweli lilikuwa bado bichi,
akataja jina.
Miaka yote hii, nyumba moja, sahani moja,
sijawahi kulisikia.